Chekeche la Kathembo na maharage ya mama

Msimu wa mavuno ukiisha, nyumba ya Gorret pale Bwera ilikuwa na sauti yake. Kwacha, kwacha, kwacha. Ilikuwa sauti ya maharage ndani ya chekeche.

Chekeche hilo alilitengeneza Kathembo, mume wake. Alichukua kipande cha bati, akakitoboa matundu mengi kwa msumari mnene, akakizungushia mbao. Ukimwaga maharage juu yake na kutikisa, punje ndogo zilidondoka chini kwenye turubai. Punje kubwa zilibaki juu, safi, tayari kwa soko.

Kathembo alikwisha fariki. Chekeche lilibaki. Kila Gorret alipolishika, alikumbuka maringo ya mumewe siku ile ya kwanza. Utadhani amenunua lori.

"Ona, Mama Ednah!" alisema Kathembo siku hiyo. "Wanawake wengine wanachagua na vidole mpaka jua inazama. Wewe unatikisa tu. Kazi kwisha!"

Gorret alicheka peke yake akikumbuka maneno hayo. Kisha akafuta macho kwa upindo wa kitenge, akaendelea kutikisa.

Asubuhi hiyo alikuja Tsongo. Huyu alikuwa mnunuzi kutoka Kasindi, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo. Alinunua maharage katika nyumba hii tangu Kathembo akiwa hai. Aliinama, akachota maharage ya juu ya chekeche, akayatazama kwa huzuni.

"Mama Ednah, ya kubwa ni hii tu?"

"Ni hiyo tu, Tsongo."

"Aa! Iko kidogo sana. Zamani tulikuwa tunajaza magunia hapa. Leo hata kikapu haiyajaa."

"Chukua na hii ya chini. Hii iko mingi."

"Hapana, mama. Kwetu batu banapenda maharagi ya kubwa. Hii ya kidogo nitapelekea nani? Kuku?"

Tsongo alicheka. Gorret naye akacheka, lakini kicheko chake kiliishia mdomoni. Mnunuzi aliondoka na kikapu kisichojaa. Gorret akabaki na turubai lililojaa punje ndogo nyeusi.

Punje ndogo si kitu cha kumnyima mtu raha, utasema. Kwa Gorret zilikuwa. Binti yake mkubwa, Ednah, alikuwa amechumbiwa, na arusi ingefanyika baada ya mavuno ya pili ya mwaka. Na katika ukoo wa Gorret kulikuwa na desturi ambayo hakuna mama aliyethubutu kuiruka. Binti akiolewa, mama yake humjazia kibuyu cha mbegu za maharage. Hizo ndizo anazokwenda kupanda kwa mumewe. Hizo ndizo atakazopikia watoto wake.

Gorret alikikumbuka kibuyu chake. Alikumbuka pia maharage ya mama yake kule Kyarumba, mlimani, alikozaliwa. Hayakuwa ya rangi moja. Kulikuwa na makubwa mekundu yenye milia myeupe. Kulikuwa na manene ya manjano, na mengine yenye madoa ya zambarau. Kulikuwa pia na madogo meusi yaliyong'aa. Mama aliyapanda pamoja, akayavuna pamoja, akayapika pamoja. Jioni chungu kilipochemka, Gorret na dada yake Bulandina walikaa karibu na jiko wakigombea nafasi isiyo na moshi. Mama aliwapakulia na kusema, "Kuleni. Shamba yote iko ndani ya sahani."

Ah, siku zile! Gorret angetoa kitu gani ili akae tena kwenye jiko lile, hata upande wa moshi?

Sasa alitazama turubai lake. Nyekundu yenye milia ilikuwa moja hapa, nyingine kule, kama wageni waliopotea njia. Nyingi zilikuwa ndogo na nyeusi. Angemjazia Ednah hizi? Wakwe wangesema nini?

Dawa ilikuwepo. Bulandina, dada yake, bado aliishi Kyarumba, na maharage yake yalikuwa makubwa na mazuri kama ya zamani. Lakini Gorret hakutaka hata kusikia jina hilo. Tangu matanga ya mama yao, dada hao wawili hawakutembeleana.

Siku ya matanga kila mmoja alileta maharage. Wanawake waliopika walifungua mfuko wa Bulandina, wakapiga vigelegele. "Haya ndiyo maharage ya marehemu!" walisema. Mfuko wa Gorret waliusogeza pembeni. Gorret aliona. Roho ilimuuma. Tangu siku hiyo aliamini jambo moja, na alilisema kwa kila mtu aliyekubali kumsikiliza: mama alimpendelea Bulandina. Bulandina alipewa mbegu bora. Yeye Gorret alipewa mabaki.

*

Wiki hiyo alipita Kemigisha, afisa wa kilimo. Kemigisha alikuwa Mtooro, na majirani walimwita Abwooli, kama Watooro wanavyoitana kwa heshima. Lhukonzo, lugha ya wenyeji wa hapa, hakuijua vizuri. Mume wake alikuwa askari, na Kiswahili chake alikiokota kambini. Kwa hiyo hata alipokuambia jambo jema, ilisikika kama amri.

"Mama Ednah! Simama hapo. Shida ni nini?"

"Udongo, Abwooli," alisema Gorret. "Udongo yangu imechoka. Zamani ilikuwa inatoa maharage kubwa. Sasa inatoa hii."

Kemigisha alichota udongo, akaufinya. Akatembea kati ya mabua ya mahindi, akapima moja kwa mkono.

"Mahindi haya yanakataa maneno yako," alisema. "Udongo uliochoka hautoi mahindi marefu hivi. Mbegu ya maharage ulitoa wapi?"

"Kwa mama yangu, nikiolewa."

"Kuna mtu mwingine aliyepewa mbegu na mama yako?"

Gorret alinuna. Lakini mdomo wenye kinyongo haukai umefungwa. Alimweleza Kemigisha habari yote: Bulandina, matanga, vigelegele, mfuko uliosogezwa pembeni. Ednah na mdogo wake Biira, waliokuwa wakipukuchua mahindi mlangoni, walitazamana. Wimbo huo waliujua mpaka mwisho.

"Vizuri," alisema Kemigisha. "Mimi ninakwenda Kyarumba wiki ijayo. Nitaomba kikombe cha mbegu kwa dada yako. Tutapanda hapa, mstari mmoja wake, mstari mmoja wako. Udongo mmoja, mvua moja, jembe moja. Tutaona."

Kemigisha alitegemea ubishi. Badala yake Gorret alipiga makofi.

"Lete! Lete hata kesho! Tupande hapa, watu wote waone vile mama alinifanyia!"

*

Mvua za Machi zilipoanza, walipanda. Mstari wa Kyarumba ulikaa upande wa nyumba. Mstari wa Bwera ulikaa upande wa migomba. Gorret aliipalilia yote miwili sawa, kwa sababu hakutaka mtu aseme amependelea mmoja. Maharage yalitambaa, yakachanua, yakabeba.

Mwezi wa sita walivuna. Walimwaga mstari wa Kyarumba kwenye ungo mmoja, na mstari wa Bwera kwenye ungo wa pili. Hakuna aliyehitaji kusogea ili aone. Ungo wa Kyarumba ulijaa punje kubwa. Ungo wa Bwera ulijaa punje ndogo.

Gorret aliokota moja nyekundu yenye milia. Aliishika kwenye kiganja. Kwa muda alisahau ubishi wote. Alikuwa mtoto tena, na mama yake alikuwa hai, na chungu kilikuwa kinachemka. Kisha akakumbuka hasira yake.

"Umeona, Abwooli? Udongo ni moja! Si mimi nilisema? Alinipa mabaki!"

"Nimeona," alisema Kemigisha. "Udongo hauna kosa. Tofauti iko ndani ya mbegu. Sasa kaa chini."

"Ndiyo, afande," alisema Gorret, na wasichana wakacheka.

Gorret alikaa. Kemigisha alianza kutenga punje za kila ungo kwa rangi. Alitenga polepole. Kwenye ungo wa Kyarumba alipata fungu kubwa la nyekundu zenye milia, fungu kubwa la manjano, na fungu la madoa ya zambarau.

"Nyeusi sioni hapa," alisema.

Gorret hakulijali neno hilo. Alikuwa anautazama ungo wake mwenyewe. Humo Kemigisha alipata fungu kubwa sana la nyeusi. Halafu akaokota nyekundu chache zenye milia. Akaokota manjano chache. Mwisho kabisa akapata mbili tatu zenye madoa ya zambarau.

"Mama Ednah, hii nyekundu yenye milia ni ya nani?"

"Ni ya mama. Hii hakuna mtu mwingine alikuwa nayo."

"Na hii ya manjano?"

"Ya mama."

"Na hii ya zambarau?"

"Ya mama pia."

"Kama mama yako alikupa mabaki, hizi ziliingiaje kwenye ungo wako?"

Gorret aliusogeza ungo wake karibu na ule wa pili. Alitazama ungo mmoja, akatazama wa pili. Rangi zilikuwa zilezile, ila huku zilikuwa nyingi na huku zilikuwa chache.

"Sasa niambie," Kemigisha aliendelea, na safari hii sauti yake haikuwa ya kambini. "Ukivuna, mbegu ya kupanda unaitoa wapi?"

"Kwenye mtungi."

"Na mtungini unaweka nini?"

"Naweka..." Gorret alianza, akaishia hapo. Macho yake yalikwenda mpaka ukutani, pale chekeche la Kathembo liliponing'inia.

"Ile ya chini," alisema kwa sauti ndogo. "Ya juu tunauza. Ya chini tunakula, na yenye inabaki tunapanda."

"Tangu lini?"

"Tangu Kathembo alitengeneza. Ednah alikuwa bado anatambaa."

Ednah, ambaye sasa alikuwa mchumba wa mtu, aliinamisha kichwa.

"Lakini, Abwooli," Gorret alijitetea, "mimi sikuharibu punje hata moja. Nilipanda ileile ya mama. Kwa nini ilinywea?"

"Hakuna punje iliyonywea," alisema Kemigisha. "Sikiliza. Mama yako alikupa mchanganyiko. Nyekundu kubwa ukiipanda inazaa nini?"

"Nyekundu kubwa."

"Na nyeusi ndogo?"

"Nyeusi ndogo. Kila mtoto na mama yake."

"Basi. Mwaka wa kwanza zilichanganyika vizuri. Ukatikisa chekeche. Kubwa zikaenda Kongo, zikaliwa. Punje iliyoliwa haizai. Ndogo zikaenda mtungini, zikapandwa, zikazaa. Msimu uliofuata ndogo zilikuwa nyingi kidogo kuliko kwanza. Hukuona, kwa sababu ilikuwa kidogo. Ukatikisa tena. Ukapanda tena. Miaka yote hii. Kila msimu kubwa zilipunguza watoto, ndogo zikaongeza. Leo ukoo mzima umebadilika sura, na hakuna punje hata moja iliyojibadilisha yenyewe."

Gorret alizitazama nyekundu chache kwenye ungo. Mbegu zilizozizaa zilikuwa zimepenya tundu la chekeche kwa bahati, kwa kuwa zilikuwa nyembamba kidogo kuliko ndugu zao.

"Na Bulandina?" aliuliza.

"Dada yako niliuliza anafanyaje. Anachagua kwa vidole. Kubwa anatenga mbegu. Ndogo anapika."

"Kama mama," alisema Gorret. "Mama pia alikuwa anachagua na vidole. Lakini yeye alikuwa anaweka kidogo ya kila rangi."

Biira, ambaye alikuwa bado shuleni, alisogea karibu. "Abwooli, hii si ndiyo mwalimu anaita mageuzi ya viumbe?"

"Ndiyo hiyo."

"Ngoja," alisema Gorret. "Hiyo nilisikia. Si ni habari ya nyani?"

Kemigisha alicheka. "Watu wakisikia jina hilo wote wanakimbilia nyani. Acha nyani, anzia hapa kwenye ungo. Viumbe wa aina moja hawafanani kabisa. Watoto wanarithi sura ya wazazi. Na si wote wanaopata watoto sawa. Hayo matatu yakikutana, baada ya vizazi vingi aina nzima inageuka. Hapa kwako uligeuza wewe, kwa bati na msumari. Porini hakuna chekeche la bati, lakini kuna jua, kuna njaa, kuna ugonjwa."

"Na Mungu je?"

"Mimi Jumapili niko kanisani kama wewe. Hakuna aliyenikataza kutazama ungo."

Gorret alikubali kwa kichwa. Kemigisha akaendelea. "Umewahi kuona tembo wasio na pembe?"

"Wengi! Nikienda Kasese, njia inapita kwenye mbuga. Nikiwa msichana, tembo niliona walikuwa na pembe ndefu, unaogopa hata ukiwa ndani ya gari. Sasa naona wengine uso iko wazi kabisa. Nilidhani watu wamekata."

"Wengine wamezaliwa hivyo. Tangu zamani walikuwepo wachache wanaozaliwa bila pembe. Halafu ikaja miaka ya vita, na majangili wakajaa. Wao walitaka pembe. Tembo mwenye pembe kubwa alipigwa risasi. Yule asiye na pembe, nani angepoteza risasi juu yake? Aliachwa, akazaa, na baadhi ya watoto wake wakawa kama yeye. Wataalamu waliohesabu wanasema wasio na pembe waliongezeka kuliko zamani. Hakuna tembo aliyeng'oa pembe zake kwa kuogopa."

Gorret alifikiri. Kisha akasema, "Kwa hiyo bunduki ilikuwa chekeche."

Kemigisha alimtazama kwa furaha. "Umesema vizuri kuliko kitabu changu. Bunduki ilikuwa chekeche. Na kule Karusandara kwa wafugaji, mtu akitia maji mengi kwenye dawa ya kupe, ni chekeche pia. Kupe dhaifu wanakufa. Kupe wagumu wanabaki, wanazaa wagumu wenzao. Kesho kutwa dawa haifanyi kazi, na mwenye ng'ombe analaumu duka."

"Kama mimi nililaumu udongo," alisema Gorret.

Alikuwa amelaumu mtu mwingine kabla ya udongo. Alijifunika uso kwa kitenge, akalia mbele ya binti zake bila haya.

"Nilimsema mama yangu," alisema. "Watu wangapi niliwaambia! Na yeye amelala pale kaburini, hawezi kujibu."

Kemigisha hakutoa amri yoyote. Alikaa naye mpaka alipotulia. Kabla ya kuondoka alimwambia la kufanya. Kabla ya mavuno, apite shambani na kufunga uzi kwenye mimea yenye afya na maganda mengi. Mbegu itoke hapo, iingie mtungini kwanza. Chekeche na soko vije baadaye.

*

Julai, Gorret alipiga moyo konde. Alichukua kibuyu kitupu cha Ednah. Alifunga fundo la maharage yake kwenye kitambaa, kwa sababu hakutaka kufika mikono mitupu. Gari lilimfikisha Kisinga, na pikipiki ikamfikisha senta ya Kyarumba, penye maduka. Kutoka hapo njia ilikuwa ya miguu, ileile ya utotoni.

Ilikuwa na mteremko uleule uliowafanya yeye na dada yake wacheke na kuogopa, wakishuka na kahawa vichwani. Ulikuwepo mto uleule, na lile jiwe ambalo Bulandina alimvushia akiwa mdogo, akimwambia, "Usitazame maji, nitazame mimi." Gorret alisimama juu ya jiwe hilo. Alikuwa amesahau kwamba kuna wakati alishikwa mkono hapa. Hasira ya miaka ilikuwa imekalia kumbukumbu zote nzuri.

Bulandina alikuwa kwenye ua wa zamani wa mama yao, ungo magotini, akichagua maharage kwa vidole. Alikuwa na mvi sasa. Alipoinua uso, Gorret aliona sura ya mama yao.

"Karibu," alisema Bulandina bila kusimama. "Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa, dada. Ednah anaolewa. Nimekuja kuomba mbegu."

Bulandina alitazama kibuyu. Vidole vyake viliacha kuchagua.

"Wewe? Wewe unakuja kuomba mimi?"

"Nilisema mama alikupendelea."

"Najua. Maneno yako ilifika hapa mbele yako."

"Nilisema alinipa mabaki. Haikuwa kweli. Mimi ndiye nilikuwa nauza kubwa, napanda ndogo. Abwooli alinionyesha kwa ungo. Rangi zote za mama ziko kwangu, lakini kidogo kidogo. Nisamehe, dada."

Bulandina aliweka ungo chini.

"Gorret, siku ya kuolewa kwako ulikuwa unafanya nini asubuhi?"

"Nilikuwa ndani. Shangazi alikuwa ananisuka nywele."

"Ndiyo maana hukuona. Mama alijaza kibuyu yako hapa nje, kutoka mtungi ileile alitoa yangu. Mimi ndiye nilikuwa nashika kibuyu. Aliniambia, 'Shika sawasawa, isimwagike hata moja. Huyu anakwenda mbali.' Mikono yangu ilichoka, kwa sababu alikuwa anajaza na kutikisa, anajaza na kutikisa, mpaka ikajaa kuliko yangu."

Gorret alipiga magoti pale uani. Bulandina alimwinua kwa mkono, kama alivyomvusha kwenye jiwe. Wakakumbatiana, wakalia, kisha wakacheka kwa sababu kuku walikuwa wameuvamia ungo.

Walipokwisha kuwafukuza, Bulandina aliona fundo la kitambaa.

"Umeniletea nini?"

"Ni aibu tu, dada. Maharage yangu. Ndogo."

Bulandina alifungua fundo. Alitia mkono, akaufumba, akaufumbua. Punje nyeusi ziling'aa kiganjani mwake.

"Nyeusi!" alipiga kelele. "Nyeusi ya mama! Ulitoa wapi?"

"Kwangu iko mingi. Imejaa mpaka nachukia."

"Mimi nilipoteza! Kila msimu nilitenga kubwa, nikapika ndogo. Siku moja nikatafuta nyeusi, hakuna hata moja. Mwaka uliopita mvua ilikatika mapema. Kubwa zote zikakauka na maua. Nikakumbuka mama alikuwa anasema nyeusi inawahi, inaiva kabla ya jua kuwa kali. Nililia hapa peke yangu. Nilidhani imekwisha duniani."

Dada wawili walitazamana. Gorret alikumbuka neno la Kemigisha ambalo hakulijali: nyeusi sioni hapa. Sasa alielewa. Chekeche lake lilifukuza kubwa, na vidole vya dada yake vilifukuza ndogo. Kila mmoja alikuwa amebaki na nusu ya shamba la mama.

Siku hiyo jioni Bulandina alipika chungu kimoja chenye rangi zote. Walikaa karibu na jiko. Gorret alikaa upande wa moshi, na hakulalamika.

*

Msimu wa pili Gorret alipanda mchanganyiko, nyeusi zake na kubwa alizopewa na Bulandina. Kabla ya mavuno alifunga nyuzi kwenye mimea mizuri, na baada ya kuvuna akachagua kwa vidole, akaweka mtungini kidogo ya kila rangi. Kisha ndipo aliposhusha chekeche ukutani. Hakulitupa. Kathembo alilitengeneza kwa mapenzi, na halikuwa na kosa lolote. Lilihitaji tu kusubiri zamu yake.

Tsongo alipokuja, alipata kikapu kilichojaa na kingine juu yake.

"Mama Ednah! Maharagi ya zamani imerudi?"

"Haikuwa imekwenda mbali," alijibu Gorret.

Asubuhi ya arusi, Ednah alikuwa ndani akisukwa nywele. Nje, Bulandina, aliyekuja kwa arusi, alileta ule mtungi wa mbegu wa Gorret. Gorret alichukua kibuyu, akatazama huku na huku, kisha akaita.

"Biira! Njoo hapa."

Biira alitoka mbio, nguo mpya mkononi. "Mama, sijavaa bado!"

"Utavaa baadaye. Shika kibuyu cha dada yako. Shika sawasawa, na utazame vizuri. Yako itatoka mtungi huuhuu."

Akaanza kumimina, nyekundu, manjano, zambarau na nyeusi, akijaza na kutikisa, akijaza na kutikisa, mpaka mikono ya Biira ikachoka.